Simu za Android: mlango wa ndani uliopitisha siri za watumiaji bila kuomba ruhusa

Watu wengi wanaamini kwamba mtu akifungua ukurasa wa intaneti kwa njia ya faragha, akafuta historia na kutoka kwenye akaunti zake, hakuna atakayejua alichotafuta. Tarehe 3 mwezi wa sita 2025, kundi la watafiti wa Ulaya lilionyesha kwamba kwa wenye simu za Android imani hiyo haikuwa na msingi. Kwa miezi kadhaa, programu za Facebook na Instagram zilizokuwa ndani ya simu zilipokea habari kimyakimya kutoka kwenye kivinjari cha simu ileile. Habari hizo ziliwezesha kuunganisha tovuti zilizofunguliwa na akaunti ya mwenye simu. Programu za kampuni ya Yandex ya Urusi zilikuwa zikifanya jambo la namna hiyo tangu 2017.

Watafiti hao wanatoka katika taasisi ya IMDEA Networks ya Uhispania, chuo kikuu cha Radboud cha Uholanzi na chuo kikuu cha KU Leuven cha Ubelgiji. Walichogundua hakikuwa virusi, na hakuna nenosiri lililoibiwa. Kampuni hizo mbili zilitumia kitu cha kawaida kabisa kilichomo ndani ya kila simu na kila kompyuta: soketi ya mtandao. Zilipita mahali ambapo simu haikuwa na desturi ya kumwuliza mwenyewe kama anakubali.

Jambo hili linawagusa moja kwa moja wakaaji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwa wengi nchini, simu ya Android ndiyo kompyuta pekee waliyo nayo, na Facebook ndiyo mlango wao wa kuingilia kwenye intaneti. Kwenye simu hiyohiyo mtu hutafuta dawa ya ugonjwa asiotaka jirani ajue, husoma habari za vita na kutuma pesa kwa jamaa.

Parsele moja, milango maelfu

Ili kuelewa kilichotokea, tuchukue mfano wa parsele yenye nyumba nyingi. Parsele ina namba yake barabarani, na ndani yake kila nyumba ina mlango wake. Barua ikifika, haitoshi kujua namba ya parsele. Lazima ijulikane pia ni ya mlango gani.

Simu iliyounganishwa na intaneti iko vivyo hivyo. Ina anwani yake, na nyuma ya anwani hiyo kuna milango iliyohesabiwa kwa namba hadi 65,535. Wataalamu huita milango hiyo poti. Programu inapotaka kuzungumza na programu nyingine, hufungua soketi, yaani ncha ya njia ya mawasiliano iliyofungwa kwenye mlango mmojawapo. Programu moja hupiga hodi, nyingine inakuwa imekaa mlangoni ikisikiliza. Barua pepe, video na ujumbe wa WhatsApp, vyote hupita kwenye soketi.

Kuna pia anwani moja ya pekee: 127.0.0.1. Anwani hiyo haitoki nje ya kifaa. Programu ikiita 127.0.0.1, inajiita nyumbani, ndani ya simu ileile. Ni kama watu wa parsele moja kuongea wao kwa wao uani bila kupita barabarani. Waandishi wa programu huitumia kila siku kwa kazi halali, kwa mfano kujaribu tovuti kwenye kompyuta yao kabla ya kuiweka hadharani.

Tatizo lililofichuliwa 2025 lilianzia hapo uani.

Ruhusa zinazoulizwa na zile zisizoulizwa

Mwenye simu ya Android amezoea kuulizwa maswali. Programu ikitaka kamera, simu inamwuliza. Ikitaka kinasa sauti, orodha ya namba za watu au mahali alipo, inamwuliza pia. Utaratibu huu wa kuuliza wakati programu inafanya kazi uliingia na toleo la 6 la Android mwaka 2015. Kabla ya hapo mtu alikubali orodha nzima ya ruhusa siku ya kusakinisha programu, mara nyingi bila kuisoma.

Lakini si kila ruhusa inaulizwa. Ruhusa ya kutumia intaneti imewekwa katika kundi la zile zinazohesabiwa kuwa za kawaida. Programu huiandika kwenye faili yake, na Android huipatia bila mwenye simu kuona swali lolote. Ruhusa hiyohiyo ndiyo inayoiwezesha programu kufungua soketi ya kusikiliza kwenye anwani ya ndani. Kwa maneno mengine, programu inayoonyesha hali ya hewa au mchezo wa watoto inaweza kukaa kwenye mlango fulani ndani ya simu na kungoja hodi, na mwenye simu hatajua.

Kwa upande wa pili kuna kivinjari, yaani programu kama Chrome au Firefox inayotumika kufungulia tovuti. Huko sheria ni kali zaidi. Kila ukurasa wa intaneti huletwa na mgeni, na ndani yake kuna maelekezo ambayo kivinjari huyatekeleza bila kumjua aliyeyaandika. Kwa sababu hiyo, ukurasa wa kawaida hauruhusiwi kufungua soketi tupu na kuzungumza na mashine yoyote kwa lugha yoyote. Hupewa njia chache zilizowekewa mipaka.

Njia ya kwanza ni HTTP, ile ya kuomba ukurasa au picha. Ya pili ni WebSocket, iliyowekewa kanuni rasmi mwaka 2011, ambayo huacha mawasiliano wazi ili habari ziende na kurudi bila kuomba upya kila mara. Hiyo ndiyo inayofanya ujumbe uonekane papo hapo kwenye WhatsApp ya kompyuta. Ya tatu ni WebRTC, iliyotengenezwa kwa ajili ya mazungumzo ya sauti na video kati ya watu wawili.

Njia hizi tatu ni salama kuliko soketi tupu. Ila kwa miaka mingi vivinjari vikubwa viliacha pengo moja: ukurasa uliotoka mbali ungeweza kuzielekeza njia hizo si tu kwenye seva za nje, bali pia kwenye 127.0.0.1. Mgeni aliyekaribishwa kuonyesha picha sebuleni aliweza kugonga milango ya vyumba vya ndani.

Hatua kwa hatua

Kampuni ya Meta, mmiliki wa Facebook na Instagram, huwapa wenye tovuti kipande kidogo cha programu kiitwacho Meta Pixel. Mwenye duka la mtandaoni akikiweka kwenye kurasa zake, kinamsaidia kujua matangazo yake yamewaleta wateja wangapi. Watafiti, wakitegemea hesabu za kampuni ya BuiltWith, waliandika kwamba kipande hicho kimo katika tovuti zipatazo milioni 5.8 duniani. Kile cha Yandex, kiitwacho Metrica, kimo katika karibu milioni 3.

Mambo yalikwenda hivi. Mtu aliyeingia kwenye akaunti yake ya Facebook au Instagram aliifunga programu hiyo na kuendelea na shughuli nyingine. Programu haikulala kabisa. Ilibaki nyuma, ikisikiliza kwenye milango fulani ya ndani ya simu.

Baadaye mtu huyo alifungua Chrome na kuingia kwenye tovuti yenye Meta Pixel. Kipande hicho kilikuwa kimempa kivinjari namba ya kumtambulisha, iliyohifadhiwa kwenye faili dogo liitwalo kuki. Kwa kawaida kuki ya tovuti moja haijui lolote kuhusu jina la mtu kwenye Facebook. Lakini kipande hicho kilichukua namba hiyo, kikaifunga ndani ya ujumbe wa WebRTC kana kwamba kinaandaa mazungumzo ya video, kikautuma kwenye 127.0.0.1.

Programu ya Facebook iliyokuwa ikisikiliza iliupokea. Yenyewe ilijua nani ameingia kwenye akaunti. Iliiunganisha namba ya kivinjari na akaunti hiyo, kisha ikapeleka vyote kwenye seva za Meta. Kuanzia hapo, ziara iliyoonekana kuwa ya mtu asiyejulikana ilikuwa na mwenyewe.

Kwa njia hii, kufuta kuki hakukusaidia kitu, kwa sababu kuki mpya iliunganishwa upya na mtu yuleyule. Kutoingia kwenye Facebook ndani ya kivinjari hakukusaidia pia. Hata hali ya faragha ya kivinjari haikuwa kinga. Kulingana na watafiti, Meta ilianza na njia ya HTTP mwezi wa tisa 2024, kisha ikabadilisha mbinu mara kadhaa, ikiwemo WebSocket, hadi kufikia WebRTC.

Watafiti walizipitia tovuti 100,000 zinazotembelewa zaidi. Zilipofunguliwa kutoka Ulaya, zaidi ya 15,000 zilijaribu kuwasiliana na milango hiyo ya ndani kupitia Meta Pixel. Nyingi kati ya hizo zilifanya hivyo kabla mtu hajabonyeza kitufe cha kukubali au kukataa kufuatiliwa.

Mbinu ya Yandex ilikuwa na hatari nyingine. Ilitumia HTTP ya kawaida kwenye milango inayojulikana, na programu nyingine yoyote iliyosakinishwa kwenye simu ingeweza kuwahi kukaa kwenye milango hiyo na kusikiliza. Ili kuthibitisha, watafiti walitengeneza programu yao ya majaribio, nayo ikafaulu kukusanya orodha ya tovuti zilizofunguliwa kwenye Chrome, Firefox na Edge, hata katika hali ya faragha. Kivinjari cha Brave hakikuathiriwa, kwa kuwa kilikuwa tayari kinazuia maombi ya namna hiyo.

Majibu ya kampuni

Siku ileile matokeo yalipotangazwa, kipande cha Meta kiliacha kutuma habari kwenye anwani ya ndani. Meta ilisema kwamba imesimamisha huduma hiyo huku ikizungumza na Google kuhusu kile ilichokiita uwezekano wa kutoelewana juu ya matumizi ya kanuni. Yandex nayo ilitangaza kuacha, ikidai kwamba haikukusanya habari nyeti wala kufichua utambulisho wa watu. Google, mwenye Android na Chrome, ilisema kwamba uwezo wa vivinjari ulitumiwa kwa namna inayokiuka kanuni zake za usalama na faragha.

Chrome toleo la 137, lililotoka mwishoni mwa mwezi wa tano 2025, lilikuwa tayari na vizuizi dhidi ya mbinu hiyo, kwa sababu watafiti waliwaarifu watengenezaji wa vivinjari kabla ya kutangaza. Firefox pia ilianza kurekebisha. Watafiti hawakupata ushahidi kwamba jambo hilo lilifanyika kwenye simu za iPhone.

Hakuna ushahidi uliotolewa kwamba mtu fulani wa Kongo alilengwa. Mbinu hiyo haikuchagua nchi. Ilihitaji vitu viwili tu: programu iliyosakinishwa kwenye Android na tovuti yenye kipande cha ufuatiliaji. Kinshasa, Lubumbashi, Bukavu au Paris, hali ilikuwa ileile.

Si mara ya kwanza

Mwezi wa saba 2019, mtafiti wa usalama Jonathan Leitschuh alifichua kwamba programu ya mikutano ya Zoom iliacha seva ndogo ikisikiliza kwenye mlango namba 19421 ndani ya kompyuta za Mac. Tovuti yoyote iliweza kugonga mlango huo na kumwingiza mtu kwenye mkutano huku kamera yake ikiwa wazi. Mtu akiifuta Zoom, seva ile ilibaki, na iliweza kuisakinisha upya bila kumwuliza. Baada ya siku chache kampuni ya Apple ilituma sasisho la kimyakimya la kuiondoa seva hiyo kwenye kompyuta za wateja wake.

Mwezi wa tano 2020 ikawa zamu ya eBay, soko kubwa la mtandaoni la Marekani. Wachunguzi waligundua kwamba mtu akifungua tovuti hiyo kwa kompyuta ya Windows, ukurasa ulitumia WebSocket kugonga milango 14 ya ndani ya kompyuta yake ili kujua ipi iko wazi. Milango hiyo ni ile inayotumiwa na programu za kuongoza kompyuta kutoka mbali. Lengo lilikuwa kuwanasa matapeli wanaonunua vitu kupitia kompyuta za watu walizozidukua. Lengo hilo linaeleweka, lakini wenye kompyuta hawakuulizwa.

Mwezi wa nane 2024, kampuni ya usalama ya Oligo ilionyesha kwamba hata pale vivinjari vilipojaribu kulinda anwani za ndani, anwani nyingine, 0.0.0.0, ilikuwa imesahaulika kwa miaka 18. Kwenye kompyuta za Mac na Linux, tovuti ya nje iliweza kuitumia kufikia programu za ndani.

Katika visa hivi vyote kasoro ni moja. Soketi ilifunguliwa, na aliyekuwa na haki ya kusema ndiyo au hapana hakupewa nafasi.

Kwa nini isifungwe kabisa?

Mtu anaweza kuuliza kwa nini vivinjari havikufunga njia hii zamani. Jibu ni kwamba kuna kazi halali nyingi zinazoitegemea. Anayeweka modemu mpya ya Wi-Fi hufungua ukurasa wa ndani ili kubadilisha nenosiri. Ofisi ina printa inayoongozwa kwa kivinjari. Kuna tovuti zinazozungumza na kifaa cha kusoma kadi ya utambulisho kupitia programu ndogo iliyo kwenye kompyuta. Ukizima kila kitu, vyote hivyo vinakufa.

Google ilijaribu njia ya kwanza: kuvitaka vifaa vya ndani vyenyewe viseme kama vinakubali kuongea na tovuti ya nje. Jaribio hilo lilikwama, kwa sababu modemu na printa za zamani hazipati masasisho na hazijui kujibu swali jipya. Ikaamuliwa kumrudia mwenye kifaa.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi 2025, Chrome toleo la 142 lilileta ruhusa mpya. Sasa tovuti ya nje ikitaka kufikia anwani ya ndani ya kifaa, au kifaa kingine kilicho kwenye Wi-Fi ileile, kivinjari humsimamisha na kumwuliza mwenyewe: unakubali au unakataa? Tovuti isiyotumia HTTPS, yaani njia iliyofungwa kwa siri, hairuhusiwi hata kuuliza. Apple ilikuwa imeweka swali la namna hiyo kwa programu za iPhone tangu mwaka 2020, na toleo la iOS 14.

Hata hivyo, ulinzi huo haukukamilika siku ya kwanza. Ruhusa ya Chrome 142 ilianza na maombi ya HTTP. WebSocket na WebRTC ziliachwa kwa hatua za baadaye, ingawa mbinu maalumu iliyotumiwa na Meta kupitia WebRTC ilikuwa imezibwa tayari. Kwa upande wa Android yenyewe, ruhusa ya intaneti bado hutolewa bila swali.

Kwa zile programu za kivinjari zinazohitaji soketi kamili, Chrome imechagua njia nyembamba. Soketi hizo hutolewa kwa programu za pekee tu, zilizofungashwa na kutiwa sahihi ya mtengenezaji, si kwa ukurasa wowote unaofunguliwa. Mozilla ilikuwa na wazo kama hilo zaidi ya miaka kumi iliyopita katika mfumo wake wa simu wa Firefox OS: programu za kawaida za wavuti zilinyimwa soketi, na zile zilizokaguliwa ndizo zilizopewa. Mfumo huo ulikufa, lakini KaiOS, inayoendesha simu nyingi za vibonyezo za bei nafuu barani Afrika, ilizaliwa kutoka kwake.

Wi-Fi ya pamoja, hatari ya pamoja

Katika miji mingi ya Kongo, Wi-Fi moja hutumiwa na watu wengi. Familia kadhaa za parsele moja huchangia, au ofisi na duka la jirani hugawana. Mwezi wa tano 2025 mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, ilitangaza kwamba Starlink imepewa leseni nchini, na mitandao ya namna hiyo inaweza kuongezeka.

Mtandao wa ndani ukishirikiwa, mlango mmoja uliofunguliwa na mtu mmoja unaweza kuwadhuru wote. Brazil ilijifunza hilo mwaka 2018. Wadukuzi walibadilisha mipangilio ya modemu zaidi ya 100,000, nyingi zikiwa nchini humo, katika shambulio lililopewa jina GhostDNS. Sehemu ya shambulio hilo ilipita kwenye kivinjari: mtu alifungua ukurasa mbaya, nao ukajaribu kuingia kwenye modemu ya nyumbani kwa manenosiri yaleyale ya kiwandani ambayo hayajabadilishwa. Baada ya hapo, kila aliyekuwa kwenye Wi-Fi hiyo akiandika anwani ya benki yake alipelekwa kwenye benki ya uongo.

Kisheria, Kongo haiko mikono mitupu. Kodi ya Dijitali, yaani amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, ina sehemu inayohusu ulinzi wa data binafsi. Lakini sheria inaweza kumlinda mtu pale tu inapojulikana kwamba data yake imechukuliwa. Katika kisa cha soketi za ndani, hata wengi wa wenye tovuti zilizobeba kipande cha Meta hawakujua kinafanya nini kwenye simu za wateja wao.

Mashariki mwa nchi, ambako vita vimewafanya watu wengi wachunge wanachosoma na wanachoandika kwenye simu, faragha si anasa. Mwanahabari anayetafuta habari, mwanamke anayetafuta msaada baada ya kubakwa, kijana anayeuliza kuhusu kipimo cha ukimwi, wote hutumia hali ya faragha wakiamini inawafunika. Hali hiyo hufuta historia ndani ya kivinjari. Haizuii programu nyingine iliyo kwenye simu kusikiliza.

Mambo ya kufanya

Jambo la kwanza ni kusasisha kivinjari. Wengi huahirisha masasisho ili kuokoa mega, na hilo linaeleweka. Lakini kati ya yote, sasisho la kivinjari ndilo la kupewa nafasi ya kwanza, kwa kuwa ndicho kinachokutana na wageni kila siku. Anayetaka kujua ana toleo gani anaweza kufungua mipangilio ya Chrome na kuangalia sehemu inayoeleza kuhusu programu hiyo.

La pili ni kusoma swali kabla ya kubonyeza. Tovuti ya habari, ya muziki au ya kamari haina sababu ya kuomba kufikia vifaa vilivyo kwenye mtandao wa nyumbani. Ikiomba, jibu ni hapana. Ukurasa wa printa au wa kamera ambayo mtu mwenyewe ameinunua na anaijua, huo ni wa kufikiriwa.

La tatu ni kupunguza programu. Programu isiyotumika iondolewe, maana isiyokuwepo haiwezi kufungua soketi. Anayeweza kutumia Facebook kupitia kivinjari badala ya programu yake hupunguza mlango mmoja wa kusikilizwa.

La nne ni modemu. Nenosiri la kiwandani libadilishwe siku ileile modemu inapowashwa. Si nenosiri la Wi-Fi peke yake, bali pia lile la kuingilia kwenye mipangilio.

Wenye tovuti nao wana wajibu. Anayeweka kipande cha kampuni ya nje kwenye kurasa zake anawafungulia wageni mlango kwa niaba ya wasomaji wake. Hospitali, kituo cha afya, kanisa au shirika la kutetea haki za watu lijiulize kama kweli linahitaji kufuatilia wanaolitembelea.

Na kwa vijana wanaoandika programu, somo ni la kiufundi na la adabu kwa pamoja. Seva ya majaribio isisikilize kwenye anwani zote za kompyuta ikiwa 127.0.0.1 inatosha. Ulinzi wa kivinjari unaotenganisha tovuti moja na nyingine haufuniki WebSocket kama unavyofunika maombi mengine, kwa hiyo seva yenyewe lazima ikague ombi limetoka tovuti gani kabla ya kulipokea. Ruhusa iombwe wakati inapohitajika na kwa maneno yanayoeleweka. Na anayekataa aendelee kuhudumiwa katika yale yasiyohitaji ruhusa hiyo.

Kwa wenye simu, kilichobadilika tangu mwezi wa sita 2025 ni kwamba swali limeanza kuulizwa pale ambapo zamani palikuwa kimya. Litawafaa wale wenye kivinjari kilichosasishwa, na wanaolisoma kabla ya kubonyeza.